Simba wa Tingatinga Hakutoka Mbugani

Kuna maneno mawili ambayo hayakosekani kila anapotajwa Edward Saidi Tingatinga. La kwanza ni kwamba hakusomea uchoraji. La pili ni kwamba aliwachorea Wazungu. Yote mawili ni kweli, na yote mawili yametumika kwa zaidi ya miaka hamsini kutuondolea wajibu wa kuzitazama picha zenyewe. Asiyesomea, tunajiambia, hana hoja, ana kipaji tu. Anayemchorea mgeni hana kumbukumbu, ana bidhaa tu. Hivyo simba wake mwenye macho ya mviringo amebaki kuwa pambo la vyumba vya hoteli, na sisi tunaoitwa wanahistoria tumewaachia wauza vinyago.

Napenda kumrudisha simba huyo kwenye ardhi aliyotoka. Hoja yangu ni kwamba vibao alivyochora Tingatinga kati ya 1968 na 1972, miaka minne tu, ni sehemu ya kumbukumbu za vijijini kusini mwa Tanzania. Tukivisoma pamoja na historia ya eneo hilo, vinatuonyesha jambo ambalo majalada ya maofisa yamelieleza kwa upande mmoja tu: uhusiano wa mkulima wa Tunduru, Liwale na Nachingwea na mnyama wa porini.

Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika kijiji cha Namochelia, ambacho leo ni Nakapanya, wilayani Tunduru. Baba yake alikuwa Mngindo na Muislamu, mama yake Mmakua na Mkristo, ndiyo maana jina lake lina Edward na lina Saidi. Wasomaji wa kusini hawatashangaa. Huko familia yenye msikiti na kanisa ndani ya ua mmoja si habari ya gazeti. Ninalotaka tulishike ni lile neno Mngindo, kwa sababu bila kujua yaliyowapata Wangindo katika nusu ya kwanza ya karne ya ishirini hatuwezi kujua mtoto wa Namochelia aliposikia neno simba alisikia nini.

Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, viliipiga Ungindo kwa namna ambayo vitabu vya shule huipitia haraka mno. Tunafundishwa habari za Kinjekitile wa Ngarambe na maji yake, kisha tunaruka kwenda kwenye mashujaa walionyongwa. Kilichoua watu wengi zaidi ni njaa. Jeshi la Wajerumani lilichoma maghala na mashamba kwa makusudi, na makadirio ya vifo vyote yanaanzia 75,000 yaliyotajwa na serikali yenyewe ya kikoloni, hadi zaidi ya mara tatu ya hapo katika kazi za wanahistoria wa baadaye, akiwamo marehemu G. C. K. Gwassa. Palipokuwa na vijiji pakaota pori, na porini wakaingia ndovu, nguruwe na simba. Watu waliosalia walinyang'anywa bunduki. John Iliffe ameandika kwamba kushindwa huko kulikuwa pia kushindwa mbele ya maumbile. Vizazi vingi vya wakulima vilikuwa vimelirudisha nyuma pori kwa jembe na moto, na sasa ndilo lililosonga mbele.

Waingereza walipoingia waliikuta hali hiyo wakaipa jina zuri, hifadhi. Akiba za wanyama zilizoanzishwa na Wajerumani ziliunganishwa mwaka 1922 na kupewa jina la Frederick Courteney Selous, mwindaji na askari aliyeuawa Beho Beho mwezi Januari 1917 katika Vita Kuu ya Kwanza. Katikati ya miaka ya 1940, kwa sababu iliyotajwa rasmi kuwa ni malale, wakazi wa sehemu kubwa ya magharibi mwa Liwale waliondolewa katika ardhi yao, na ardhi hiyo ikaongezwa kwenye Selous. Ofisa wanyamapori aliyekuwa na makao yake Liwale, C. J. P. Ionides, anatajwa hadi leo katika vitabu vya uhifadhi kwa heshima ya mwasisi. Waliohamishwa hawatajwi kwa majina katika vitabu hivyo. Tingatinga alikuwa kijana wa miaka kumi na kitu wakati huo, upande wa pili wa pori hilohilo, katika kabila la baba yake lililokuwa likihamishwa ili ndovu apate nafasi.

Kwa hiyo msomaji aniruhusu nikatae sentensi moja ambayo nimeikuta katika vipeperushi vingi, kwamba Tingatinga alichora wanyama kwa sababu watalii walipenda wanyama. Mnunuzi ana nguvu zake, sikatai. Lakini mtalii wa miaka ya 1960 alikuwa akienda kaskazini, Serengeti, Ngorongoro na Manyara. Mtu wa Tunduru hakuhitaji kufundishwa na mgeni kuwa chui yupo.

Kusini mwa Tanzania kuna kitu kinaitwa dungu. Ni kichanja kinachoinuliwa juu ya miti katikati ya shamba, na juu yake mkulima hulala usiku, miezi ya mavuno, akifukuza nguruwe pori na ngedere. Nguruwe hufuata mahindi, simba humfuata nguruwe, na asipompata humkuta mlinzi. Mlolongo huu si hadithi. Mwaka 2005 watafiti Craig Packer, Dennis Ikanda, Bernard Kissui na Hadas Kushnir walionyesha kwamba kuanzia 1990 simba walikuwa wameua Watanzania wasiopungua 563 na kujeruhi zaidi ya 300, wengi wao katika wilaya za kusini na za ukanda wa pwani. Walieleza pia kwamba mashambulio hutokea zaidi wakati wa mavuno na mahali penye nguruwe pori wengi. Hizo ni takwimu za zama za simu. Hebu tuwaze hali ilivyokuwa mwaka 1940, katika wilaya ambayo bunduki ilikuwa ya ofisa na mkulima alibaki na mkuki.

Mara moja katika semina nilionyesha nakala ya simba wa Tingatinga bila kutaja jina la mchoraji. Wanafunzi wa mjini walisema ni katuni. Mwanafunzi mmoja kutoka Liwale alisema simba huyo anatazama mtu. Nikarudi kuzitazama picha nyingine kwa jicho hilo, na sijaweza tena kuziona vinginevyo. Mnyama wa Tingatinga kwa kawaida yuko peke yake au wako wawili, amejaza ubao mzima, hana upeo wa macho nyuma yake, hana mlima, hana mbuga iliyonyooka hadi mbinguni. Mwili umechorwa kwa ubavu lakini uso mara nyingi umegeuzwa kwetu. Picha ya mtalii hupigwa kutoka mbali, ndani ya gari, na mnyama huwa mdogo katikati ya nafasi kubwa. Hapa hakuna nafasi. Mnyama yuko umbali ule ambao mtu huwa hana tena la kufanya.

Nisieleweke kwamba kila picha yake ni ya hofu. Kuna ndege wake walio wachangamfu kabisa, kuna swala, na kuna picha za watu na maisha ya kijijini. Ninachosema ni kwamba wanyama hawa ni majirani, wenye tabia, hila na cheo, kama walivyo katika ngano za Wamakua na Wayao ambamo sungura humshinda fisi. Jirani anaweza kuchekesha Jumatatu na kukuua Jumanne.

Miaka ya 1950 Tingatinga aliondoka kusini kwenda kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga. Njia hiyo ilikwishachongwa na maelfu waliomtangulia. Tanganyika ilikuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote wa mkonge duniani, ikikaribia tani 200,000 kwa mwaka wakati wa uhuru, na mashamba hayo yaliendeshwa kwa nguvu za vijana kutoka mikoa ambayo serikali haikuipelekea reli wala zao la maana. Waliitwa manamba kwa sababu waliandikishwa kwa namba. Sera ya kikoloni ilihitaji kusini ibaki maskini ili Tanga ipate watu, na nadhani hilo linatosha kulisema mara moja.

Jaribio kubwa la kuubadilisha umaskini huo lilikuwa mpango wa karanga, 1947 hadi 1951, uliogharimu Waingereza takriban pauni milioni 36 na kuacha Nachingwea na Kongwa vichaka vilivyong'olewa na karanga chache. Kusini walijengewa bandari ya Mtwara na reli, na reli hiyo ikang'olewa mara baada ya uhuru. Mashine zilizong'oa miti hiyo kwa Kiswahili tunaziita matingatinga. Hii ni sadfa ya lugha tu, lakini kila ninapoandika jina la mchoraji huyu nasikia mngurumo wake.

Kutoka Tanga alifika Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1950. Alipata kazi ya nyumbani na bustani kwa ofisa Mwingereza, Oyster Bay, mtaa uliojengwa kwa ajili ya Wazungu katika mji uliogawanywa kwa rangi: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Baada ya uhuru mwajiri akaondoka, na Tingatinga akaingia katika jeshi kubwa la watu wa mjini wanaoishi kwa vibarua. Baadaye alipata pia ajira ya hospitali, Muhimbili. Alianza kuchora mwaka 1968, akiwa na miaka thelathini na sita.

Vifaa vyake vinastahili kuelezwa, kwa sababu ndani yake mna uchumi wa nchi. Hakuwa na turubai wala rangi za mafuta za wachoraji. Alitumia hadibodi, ule ubao mwembamba wa kufunikia dari, na rangi zenye kung'aa zilizouzwa madukani kwa ajili ya baiskeli. Bamba moja la futi nne kwa nane hutoa miraba minane ya futi mbili kwa mbili bila kupoteza hata kipande, na picha nyingi za awali zina kipimo kinachokaribia sentimita 60 kwa 60. Rangi ya baiskeli hukauka polepole na haichanganyiki kwa upole kama ya wasanii. Kwa hiyo ukutani hupakwa kwanza rangi moja, huachwa ikauke, kisha mnyama huja juu yake kwa mistari mikali na madoa. Wataalamu hukiita hiki kuwa mtindo. Ni mtindo, bila shaka, lakini ni mtindo uliofikiwa na mtu aliyepiga hesabu ya bamba na kopo. Picha ziliuzwa nje ya maduka ya Morogoro Stores, palepale Oyster Bay, ambako wanunuzi walikuwa wake za mabalozi, wataalamu wa misaada na walimu wa kigeni. Mtaa haukubadilika sana baada ya uhuru. Lugha tu zilizidi kuwa nyingi.

Wapo wanaosema aliiga. Mjini wakati ule kulikuwa na picha zilizoletwa na wachoraji kutoka Kongo, na inasemwa aliziona akajiuliza kwa nini yeye asiweze. Wengine humtafutia asili katika michoro ya kuta za nyumba za kusini. Mimi sioni haja ya kuchagua. Mwaka 1906 Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alipita Masasi na Newala akiwapa wapagazi na wanakijiji penseli na daftari, na akarudi Ujerumani na michoro yao: wanyama, watu, safari, maofisa. Watu wa huko walikuwa wakichora kabla ya Mkongo yeyote kuuza picha Dar es Salaam. Kilichotoka Kongo, kama kilitoka, ni wazo kwamba picha inaweza kulipwa.

Hapa sina budi kumleta Sam Joseph Ntiro, kwa sababu bila yeye tutadhani kuwa kutosoma ndiko kulikomfanya Tingatinga achore kijiji. Ntiro alizaliwa Kilimanjaro mwaka 1923, akasoma Makerere chini ya Margaret Trowell, kisha akaenda Slade, London. Alikuwa Balozi wa kwanza wa Tanganyika nchini Uingereza, na baadaye akasimamia utamaduni serikalini. Mchoraji msomi kuliko wote tuliokuwa nao, naye alichora nini? Wachaga wakikata majani, wakichimba mifereji, wakibeba mbege. Picha yake ya wanaume wanaompelekea bibi harusi mbege usiku, ya mwaka 1956, imo katika Jumba la Sanaa za Kisasa la New York. Wote wawili, msomi na asiyesoma, walikigeukia kijiji. Tofauti iko katika kinachofanyika humo. Katika kijiji cha Ntiro watu wako pamoja, wana kazi, wana mpango, na mwili wa kila mmoja unafanana na wa mwenzake. Ni kijiji ambacho mwanasiasa angeweza kukisimamia. Katika ubao wa Tingatinga hakuna kamati.

Na zilikuwa zama za kamati. Azimio la Arusha lilikuwa la Februari 1967, mwaka mmoja kabla hajashika brashi. Kijiji kilikuwa ndilo neno kuu la siasa. Magazeti, mabango na nyimbo vilijaa majembe, mashamba ya pamoja na vijana wenye mikono iliyokunjwa. Mkoani Ruvuma, mkoa ambao Tunduru imo, wakulima wa Litowa na wenzao walikuwa wameanzisha vijiji vyao vya ujamaa kwa hiari, na mwaka 1969 chama kikauvunja umoja wao kwa sababu haukutoka juu. Wakati huohuo mpaka wa kusini ulikuwa mpaka wa vita. FRELIMO ilikuwa na kambi Nachingwea, na wakimbizi wa Kimakonde na Kimakua walivuka Mto Ruvuma. Yote haya hayamo katika picha za Tingatinga. Baadhi ya wenzangu huona kwamba ndiyo sababu ya kumwita mchoraji asiye na siasa. Mimi naona kinyume. Nchi nzima ilipokuwa ikielekezwa kijiji kinapaswa kuwa nini, mtu mmoja aliyefukuzwa na umaskini wa kijiji alikaa chini Msasani akachora kile ambacho hotuba hazikuwahi kukitaja: kwamba huko hatuko peke yetu, na kwamba kuna viumbe waliopewa ardhi yetu kwa sheria.

Tingatinga alifariki mwaka 1972, akiwa na umri wa miaka 40, Dar es Salaam, kwa risasi ya polisi. Alikuwa ndani ya gari usiku, na polisi walidhani gari lile ni la wahalifu wanaotoroka. Simulizi nyingi hulitaja tukio hili kwa nusu sentensi, mara nyingi likiambatana na neno bahati mbaya, kisha huendelea na habari za mafanikio ya mtindo wake. Sentensi kamili inasema kwamba mkulima wa Tunduru, manamba wa Tanga na mtumishi wa Oyster Bay, aliyeanza kujulikana ughaibuni, aliuawa na dola ya nchi yake katika mwaka wa kumi na moja wa uhuru kwa sababu alifanana na mtu wa kupigwa risasi. Nimelitazama jambo hili kwa miaka mingi kama mwalimu wa historia ya siasa, na sijaona ni kwa nini lisiwe katika mada za mwanafunzi wa kidato cha nne anayesoma habari za haki na utawala.

Aliacha wanafunzi wachache, karibu wote ndugu na watu wa kwao: Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu, January Linda, Kasper Tedo, Simon Mpata. Baada ya mwalimu kufa hawakutawanyika. Walijiunga pamoja, na mwaka 1990 wakawa chama cha ushirika, palepale Oyster Bay. Jina la mtu likawa jina la mtindo, na kwa kuwa sheria ya hakimiliki hulinda picha na si mtindo, kila mwenye kopo la rangi kuanzia Zanzibar hadi Nairobi sasa huchora tingatinga. Mwaka 2010 watoto wa Uingereza walianza kutazama katuni zilizotengenezwa Nairobi kwa mtindo huo, zenye jina lake. Vibao vya mkono wake mwenyewe, kwa sehemu kubwa, viliondoka nchini katika mizigo ya walionunua, na leo vimo mikononi mwa wakusanyaji wa ng'ambo. Mwanafunzi wangu anayetaka kuandika tasnifu kuhusu Tingatinga anahitaji viza.

Selous nayo imebadilika jina. Mwaka 2019 sehemu yake kubwa ilifanywa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Mipaka ya upande wa Liwale imebaki na historia ileile.

Ila kuna jambo moja katika kazi za wafuasi wake ambalo sijaliona likiandikwa. Tangu miaka ya 1980 baadhi yao walianza kujaza ubao kwa watu: zahanati, soko, ngoma, mganga, basi lililojaa, wanawake kisimani, mamia ya vichwa vidogo hadi pembeni kabisa. Hizo zilichorwa baada ya Operesheni Vijiji, iliyoanza kwa nguvu mwaka 1973 na kuwahamisha mamilioni, ikawapanga kwa mistari iliyonyooka kando ya barabara ili lori la serikali lifike. Nimezitazama nyingi katika vibanda vya Oyster Bay. Nyumba zimesambaa, moja chini ya mbuyu, nyingine kwenye kilima, tatu zimezungukana kwa ndugu. Katika zile nilizoziona sijakuta hata moja ambayo nyumba zake zimepangwa kwa mstari.